Kupima Kisiwa Kabla Hakijazama

Jumanne mvua ilitufukuza kazini saa saba mchana. Mpimaji ardhi hapimi kwenye mvua: lenzi inaota ukungu, daftari linalowa, na wasaidizi wanaanza kusoma namba za kubuni ili warudi garini haraka. Nilifika nyumbani mapema, nikavua mabuti mlangoni, na kitu cha kwanza kusikia kilikuwa milio ya bunduki chumbani kwa binti yangu.

Nilishamwonya. Shule zimefungwa, sawa, mtu apumzike, lakini kuna kupumzika na kuna kuchinja watu wiki mbili mfululizo. Niliingia na nia moja tu, kuchomoa waya ukutani.

"Mama, dakika nne," alisema bila kugeuka. "Ukichomoa sasa itahesabika nimekimbia."

"Kimbia. Umeua wangapi leo?"

"Sijaua."

"Jana je?"

"Sijaua mtu, mama. Tangu nianze."

Mimi si wa kuambiwa hivyo nikaondoka. Huyu ni kitindamimba wangu, nimekaa naye miaka kumi na sita, najua anavyodanganya: sauti hupanda kidogo mwishoni. Safari hii haikupanda. Nikamwambia anionyeshe. Mchezo una ukurasa wa rekodi za kila mchezaji, akaufungua. Mechi alizocheza, mia nne na kumi na mbili. Aliowaua, sifuri. Mechi alizoshinda, sifuri. Umbali aliotembea, kilomita ambazo mimi na gari la ofisi hatuzimalizi kwa mwaka.

Nikakaa kitandani. Habari ya waya iliniponyoka.

"Sasa humo ndani unafanya nini?"

"Natembea."

Akanieleza, kwa subira ya mtu anayemweleza mama yake simu. Watu sitini wanarushwa kwa miavuli juu ya kisiwa, watatu watatu kwa timu. Wanaokota bunduki, wanauana mpaka ibaki timu moja. Ili wasijifiche, ukungu wa zambarau unaanzia baharini na kusogea ndani, unawasukuma wote mahali pamoja kama kuku wanaofukuzwa bandani. Ukibaki ndani ya ukungu, unakufa. Yeye anatua, anaitupa bunduki, anaanza kutembea.

"Kwa nini?"

"Mwanzoni nilikuwa sijui kulenga. Nilikuwa nakufa kabla sijasimama vizuri. Siku moja nikajificha chini ya daraja, nikaona mto. Nikajiuliza unatoka wapi."

"Ukamuuliza nani?"

"Nilimuuliza kila mtu. Hakuna anayejua. Kuna watu wamecheza humo miaka mitatu, mama, wanajua kila dirisha la kupigia risasi, na hawajui mto unatoka wapi."

"Unatoka wapi?"

Akacheka. Akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari la hesabu, lile la miraba.

Hapo ndipo aliponikamata. Ndani ya daftari kulikuwa na ramani. Si mchoro wa mtoto wenye jua pembeni: ramani. Kila ukurasa wa kushoto una namba, kila wa kulia una mistari. Juu ya skrini ya mchezo kuna dira inayoonyesha digrii, na kila hatua ya mchezaji inasikika, tap, tap. Basi alichofanya ni kutazama digrii, kuhesabu hatua, kuandika. Kutazama, kuhesabu, kuandika. Miezi mitano. Mto ulitoka kwenye dimbwi nyuma ya kiwanda cha matofali.

Nina diploma ya upimaji ardhi. Nilikaa chuoni miaka mitatu nikifundishwa jambo hilo hilo, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuniuliza kazini nafanya nini, zaidi ya kuniuliza narudi saa ngapi.

"Nani alikufundisha?"

"Daftari zako ziko juu ya kabati. Nilidhani ni za risiti."

Ramani ilikuwa na pengo moja. Upande wa mashariki aliumaliza: daraja, kijiji, kambi, ghala, na kurudi darajani. Magharibi aliumaliza pia, kutoka darajani kupitia kiwandani hadi kwenye tangi kubwa la maji. Kati ya ghala na tangi kulikuwa na mgongo wa kilima, na pale daftari lilikuwa jeupe. Kule juu hakuna mti wala jiwe. Ukisimama unaonekana kisiwa kizima, na kila anayekuona ana bunduki.

"Utaupima lini?"

"Kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Wanakizamisha kisiwa, wanaleta kingine. Wametangaza." Akakwaruza meza kwa kucha. "Halafu nina maonyo mawili. Wenzako wa timu wakikuripoti kwamba hupigani, unapata onyo. Matatu, akaunti inafungwa."

Basi mambo yalikuwa hayo. Siku nne, mgongo mmoja wa kilima, na onyo moja. Nilimtazama usoni nikaona si mzaha. Alikuwa na sura ile ya asubuhi ya mtihani.

Mimi sina tabia ya kupaka asali. Niliangalia mashariki, nikachukua rula, nikamwambia, "Ramani hii inadanganya."

"Inadanganya wapi?"

"Ulianzia darajani, ukazunguka, ukarudi darajani. Daraja ni moja. Kwenye karatasi yako kuna mawili, yameachana hatua arobaini. Na hapa kando ya bahari umepinda mstari kwa mkono ili kosa lisionekane."

Masikio yalimwiva.

"Nilidhani arobaini si nyingi."

"Ofisini kwetu tuna mzee wa michoro anayesema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ukianza mahali, lazima urudi pale pale. Usiporudi, kuna mahali umekosea, na wewe hukutafuta. Uliamua kupaka rangi."

Akafunga daftari. Baada ya chakula cha jioni nilioga nikijiuliza zile hatua arobaini zimekwenda wapi. Hazikwenda popote, bila shaka. Hatua hazipotei. Mtu ndiye anayezipoteza.

Jumatano nilirudi kutoka kazini saa kumi na moja, nikavuta kiti cha jikoni, nikakaa kando yake. Hakuniuliza nimefuata nini. Tulianza kwa ukuta wa kambi, ambao ni mrefu na umenyooka. Alitembea kutoka kona hadi kona: hatua mia moja. Nikamwambia arudi. Wakati anarudi risasi zikaanza kulia kijijini, naye akachuchumaa bila kufikiri, kama mtu anayefumba jicho vumbi likija. Akafika kona. Hatua mia na sitini.

Tulitazamana.

"Ukichuchumaa hatua inakuwa fupi," alisema polepole.

"Na mashariki ni wapi palikuwa na risasi nyingi?"

"Ghalani. Nilichuchumaa kutoka kambini mpaka ghalani." Akashika kichwa. "Nimeandika woga wangu kama umbali."

Tulirekebisha ile sehemu kwa kikokotoo changu. Madaraja mawili yakasogeleana, zikabaki hatua mbili kati yake. Akaufuta ule mstari aliopinda kwa mkono, akaufuta kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Ushindi huo ulinipanda kichwani. Nikaanza kutoa amri. Nilimwambia mgongo wa kilima haupimwi kwa kukimbia-kimbia: asimame wima ghalani, atulie, alitazame tangi, asome digrii mara tatu, achukue wastani. Ndivyo tufanyavyo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi nina miaka kumi na tisa kazini. Akasimama wima, akatulia, akalitazama tangi. Alisoma digrii mara moja. Skrini ikawa nyekundu.

"Wamenipiga kichwani," alisema.

"Kwa kosa gani?"

"La kusimama, mama."

Kazini kwangu ukisimama katikati ya barabara na fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe, magari hupunguza mwendo. Dereva mmoja mmoja anatukana, lakini anapunguza. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna ulimwengu ambako fimbo haiheshimiwi.

"Rudia," nilisema.

Alirudia mara tano. Tukafa mara tano. Ndiyo, tulikufa, wakati huo nilikuwa nimeshaanza kusema sisi.

Alhamisi ndipo aliponitambulisha kwa Wembe, ingawa hakukusudia. Wembe ni kinyozi, anachezea kwenye simu dukani kwake kati ya mteja na mteja, na nyuma ya sauti yake unasikia mashine ikinguruma. Mchezo ulikuwa umemweka timu moja na binti yangu mara nyingi, pamoja na mwanamke mmoja aitwaye Pilipili, ambaye ni keshia na ana ulimi wa jina lake. Binti yangu alikuwa amevua hedifoni ili nisikie.

"Bibi harusi," Wembe aliita. "Mbona unatembea hivyo? Wageni wameshakula, wameondoka, wewe bado uko mlangoni."

"Mwache," Pilipili akasema. "Anangoja kushikwa mkono."

"Nakuja," binti yangu akajibu.

"Unakuja toka mwezi wa tatu. Sikiliza, dada. Sisi ni wawili, wao watatu, kila siku. Onyo la pili nilikupa mimi, na la tatu nakupa leo. Si chuki. Nimechoka kufa."

Niliona mkono wa binti yangu ukiganda juu ya kipanya. Nikaivuta maiki.

"Wewe kinyozi. Huyo ni binti yangu."

Mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Shikamoo, mama," alisema Wembe.

"Marahaba. Unasema umechoka kufa. Mmewahi kufika mwisho? Timu mbili za mwisho?"

"Hatujawahi, mama."

"Tatu za mwisho?"

"Mara moja," Pilipili akadakia. "Tulikuwa tumejificha bafuni."

"Huyu binti anakijua kisiwa chote kwa hatua. Anajua pa kupita bila kukutana na mtu. Jumamosi asubuhi mfuateni yeye, atawafikisha mwisho mkiwa hai. Nyinyi mumsindikize mgongoni mwa kilima, apime. Ripoti yako utaituma baada ya hapo kama bado unaitaka."

"Apime nini?"

"Kilima."

Wembe alifikiri. Mtu mmoja dukani kwake alimuuliza kama anaongea na mkwewe.

"Na akijua pa kupita," alisema, "si anajua pia wanapojificha? Atuambie. Tuwawahi."

Nilikuwa karibu kukubali. Nasema ukweli, mimi ni mtu wa kupatana: nipe hiki, chukua kile. Lakini binti yangu alishika mkono wangu, akairudisha maiki kwake.

"Hapana, kaka. Nitawaonyesha pa kupita. Watu wa kuua siwaonyeshi."

"Tofauti ni nini? Ni mchezo tu."

"Ni mchezo, ndiyo. Basi niache niucheze."

Sikujua kwamba ana msimamo huo. Nilidhani anatembea kwa sababu anapenda kutembea. Niligeuka kumtazama kama ninavyotazama kigingi nilichokuta mahali ambapo sikukipigilia mimi.

Wembe akapumua kwa nguvu. "Haya. Jumamosi, saa nne na nusu. Ukinipeleka kichinjioni, bibi harusi, nakuripoti mpaka kwa mama yako."

Jumamosi niliomba ruhusa kazini. Nilimwambia mkuu wangu kuna shughuli ya upimaji ya familia, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Walitua saa nne na dakika arobaini, chini ya daraja. Binti yangu aliwaongoza ndani ya mto, maji kifuani, kwa sababu kwenye maji hatua hazisikiki. Akawapitisha nyuma ya kiwanda, ndani ya bomba la maji machafu ambalo Wembe, kwa miaka miwili, alidhani ni picha tu iliyochorwa ukutani.

"Hili linaingilika?" alinong'ona.

"Inama."

"Mke wangu akisikia niko ndani ya bomba la choo Jumamosi yenye wateja."

Juu yao watu walikuwa wanauana. Idadi ya waliobaki ilishuka pembeni ya skrini: arobaini, ishirini na nane, kumi na tisa. Hawakumwona mtu hata mmoja, isipokuwa mara moja, viatu vya watu wawili vikipita juu ya mfuniko wa bomba. Pilipili alisema "nawapiga," na Wembe, yule yule Wembe, akasema "tulia wewe, tumepewa masharti." Walipotokea ghalani walikuwa wamebaki watu tisa. Timu tatu. Wembe alitoa sauti ndogo kama mtu aliyefungua barua ya kupandishwa cheo.

Ukungu ulikuwa umefunika mashariki yote nyuma ya ghala. Kilichobaki wazi ni mgongo wa kilima na tangi kwa mbele.

Binti yangu alitoka ghalani, akasimama wima. Mikono mitupu. Safari hii sikumwambia atulie. Alisoma digrii huku anatembea, kwa njia yake mwenyewe, akinong'ona namba, na mimi nikaziandika. Kumi. Hamsini. Tisini na sita, hapo kilima kikapinda, digrii mpya. Risasi moja ikapiga udongo kando ya mguu wake. Hakuchuchumaa. Nilijikuta mimi ndiye niliyechuchumaa, kwenye kiti cha jikoni.

"Mbona hawampigi?" Pilipili aliuliza. "Yuko wazi kama nguo kambani."

"Labda wanashangaa," Wembe akasema.

Mia na sabini. Digrii mpya. Mia mbili na kumi. Mia mbili na arobaini. Mia mbili na arobaini na moja.

Akaanguka.

Mtu akifa katika mchezo ule, vitu vyake hubaki chini ndani ya sanduku dogo la kijani, naye anaendelea kuona kwa macho ya mwenzake. Tukawa tunaona kwa macho ya Wembe: kilima, sanduku, na tangi likiwa bado mbele. Ukungu ulikuwa unakuja nyuma. Binti yangu aliweka mikono mapajani. Hakulia. Mimi kalamu ilikuwa bado imegusa karatasi.

"Bibi harusi," Wembe aliita. "Zilibaki ngapi?"

"Sijui. Ndiyo maana nilikuwa napima."

Tukasikia mashine ya kunyolea ikizimwa. Kwenye skrini, bunduki ya Wembe ilidondoka kwenye majani kando ya sanduku.

"Wembe, umelogwa?" Pilipili alisema. "Tumefika tatu bora. Okota hicho kitu."

"Nahesabu, usiniharibie. Moja. Mbili. Tatu."

"Simama wima," nilimwambia. "Usichuchumae hata kidogo."

"Nimesimama, mama. Saba. Nane."

Sauti ya mteja ikasikika, ya mtu mzima aliyenyolewa nusu. "Fundi, unahesabu nywele zangu?"

"Kumi na mbili. Kichwa chako kitangoja, mzee. Kumi na tatu."

Binti yangu alisoma digrii kutoka skrini ya Wembe, nami nikaandika. Hatua ya thelathini, mtu alisimama juu ya tangi. Alikuwa na bunduki ndefu, akamwelekezea. Wembe akaendelea. Thelathini na tano. Yule mtu akashusha bunduki, akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayemtazama jirani akipita na kitanda kichwani. Wa pili akasimama kando yake. Wakabaki wamesimama wote wawili, wakitazama mtu asiye na silaha akiwajia kwa hatua sawa sawa.

"Hamsini na sita. Hamsini na saba. Nimegusa chuma," alisema Wembe.

"Hamsini na saba," nikarudia.

Halafu wakamuua.

Pilipili alidumu dakika moja zaidi, na aliyoyasema katika dakika hiyo siwezi kuyaandika. Baadaye akaandika kwenye skrini kwamba wa tatu si haba, na akauliza lile bomba linaanzia wapi hasa. Wembe akasema ripoti hatumi. Akasema ana deni la upande mmoja wa kichwa cha mtu, akaondoka.

Ilikuwa saa tano na dakika hamsini. Binti yangu alikuwa ameshahamia sakafuni na rula, kipimapembe na daftari. Saa sita ilipofika, mimi peke yangu nilitazama kwenye skrini kisiwa kikizama. Kilianza kijijini. Maji yakapanda polepole, yakafunika daraja, yakaingia mtoni kwa nyuma, kuelekea kule dimbwini mto ulikotoka. Watu wengi walikuwa wameingia kuaga. Walisimama juu ya mapaa wakipiga risasi hewani. Nilitaka kumwita aone. Nikamtazama, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, anaweka alama ya hatua ya mia mbili na arobaini na moja, halafu hamsini na saba. Nikamwacha. Tangi lilikuwa la mwisho kuzama.

"Mama."

"Sema."

"Nimefunga mzunguko. Tangi ni moja, lakini nikilifikia kwa mashariki na kwa magharibi yanakuwa mawili. Yameachana hatua sita."

"Kati ya hatua ngapi zote?"

Akajumlisha. "Elfu nne mia mbili na kitu."

Nilipiga hesabu kichwani. Kosa la hatua moja kwa kila mia saba, kwa miguu, chini ya risasi, hatua hamsini na saba zikiwa za kinyozi. Nimewahi kuona michoro yenye mhuri na saini ikitoka ofisini kwetu na makosa makubwa kuliko hilo. Ningeweza kumwambia inatosha, na ingekuwa kweli. Alikuwa ananitazama akisubiri nimwambie.

"Zimekosekana upande gani?" nikamuuliza.

Akageuza daftari, akasogea karibu nami, akaweka kidole. "Kaskazini. Zote sita kaskazini. Mama, hiyo si ajabu?"

"Ni ajabu," nilisema, nikashuka sakafuni na miwani yangu. "Kama ingekuwa kuhesabu vibaya, zingetawanyika. Hizi zimetoka kwenye mstari mmoja unaoelekea kaskazini. Leta ukurasa wa kiwanda."